Mzigo Ambao Sikuufungua

Nyie vijana mliochukua mizani yangu, kaeni chini msome. Mmeniambia mna wageni wanaotaka kuvuka barafu ya Kilimanjaro kwa ile njia ya upande wa magharibi, mkaniomba niwaeleze namna ya kupanga. Mngeweza kuja kuniuliza kwa mdomo. Nyumba yangu ya Milanzi mnaijua, na chai ipo. Lakini najua mkija mtauliza habari ya gesi na kamba, halafu mtatazamana, halafu mmoja ataanza kukohoa, maana wote mmesikia habari yangu na mkwe wangu. Basi nimeamua kuandika. Chekeni huko huko, mkimaliza rudini kwenye mizigo. Shule nilifika darasa la nne. Mkikuta herufi imekaa vibaya, inyoosheni wenyewe.

Kazi hii sikuitafuta. Nilikuwa nauza chai na maandazi Majengo, hapa Sumbawanga, na Mzee Benedikto alikuwa mteja wangu. Yeye ndiye alikuwa akiongoza wageni kwa miguu kupanda milima ya Mbizi na kushuka mteremko wa Lyamba mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Asubuhi moja mpishi wake aliumwa, wageni wamekwisha kufunga viatu. Akanitazama nikikaanga.

"Unaweza kupika upepo ukivuma?"

"Mzee, nimezaliwa Ufipa. Kuna siku hauvumi?"

Akanunua maandazi yote na mimi mwenyewe.

Siku hiyo ya kwanza nilimwaibisha. Tulifika juu Mbizi ukungu umeshuka, kuni zimelowa, moto ukakataa kabisa. Wageni walikula maandazi ya asubuhi na maji baridi, wakasema asante kwa sauti ya watu wanaokwenda kuugua. Mzee Benedikto hakunifokea. Alikaa kwenye nyasi, akavuta mzigo wangu, akaufungua mbele ya watu wote, akatoa kitu kimoja kimoja. Akakutana na viatu vyangu vya kanisani, vyeusi, vya kisigino.

"Hivi ni vya nani?"

"Vyangu, mzee. Nimehesabu tutapita kanisani Jumapili."

"Vimebebwa na nani?"

"Na mimi."

"Na kuni kavu zingebebwa na nani?"

Akavirudisha pole pole, akafunga. "Mzigo haujapangwa mpaka mkono wa pili umeufungua," alisema. "Mkono wa kwanza unaweka unachokipenda. Mkono wa pili unauliza kinafanya nini humu." Tangu siku hiyo kila asubuhi ya safari alifungua mizigo yote, na mimi nikawa nafungua wa kwake. Siku moja nilikuta viko viwili vya tumbaku. Nikamtolea kimoja, akanuna mpaka Lyamba.

Alipochoka magoti aliniachia mizani yake ya ndoano, ile ile mliyonayo, na kazi ya kupanga safari ikawa yangu. Kusoma ramani sikujua na sasa sijui. Nilipanga kwa mafungu. Nilitandika turubai uani, nikaanza na siku ya mwisho nikarudi nyuma mpaka siku ya kwanza. Ukianza na siku ya kwanza utakuwa mkarimu, ukifika siku ya nne huna kitu. Kila siku fungu lake, kila fungu kamba ya rangi yake. Nikimaliza nalala, na asubuhi nafungua upya kama vile ni ya adui.

Wapagazi wangu walikuwa vijana wa hapa hapa, na mwenye mdomo kuliko wote alikuwa Zeno, ambaye ninyi mnamwita Mzee Zeno ingawa hana uzee wowote. Nilikuwa nikifungua mizigo yao bila huruma. Nimetoa redio, nimetoa pasi, nimetoa jogoo mzima ambaye mtu alikuwa anampelekea mchumba bondeni.

Kisha akaja Masanja.

Binti yangu Skola aliolewa na Masanja, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walishuka na ng'ombe wao mpaka bonde la Rukwa, baadaye yeye akapata shamba Mollo. Mtu mpole, mrefu, bega kama mlango. Mwaka mmoja mahindi yalimchezea, Skola akaja kuniuliza kama kuna nafasi ya mpagazi. Nilijua ni kosa na nikakubali. Kwa jinsi nilivyolelewa, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawashikani mikono, hawali sahani moja, na mmoja akiwa bila viatu mwingine anatafuta pa kuweka macho. Kwao Masanja ni hivyo hivyo na kuzidi kidogo. Akinikuta njiani alikuwa anaacha barabara na kuingia kwenye mahindi ya watu mpaka nipite.

Sasa mtu wa namna hiyo unamwamuruje kambini? Tukamtumia Zeno.

"Zeno, mwambie mwenzako kamba ya mzigo wake imelegea."

Masanja amesimama pale pale.

"Mama anasema kamba imelegea."

"Mwambie mama nimesikia, naikaza."

"Mama, anasema amesikia, anaikaza."

"Mimi si kiziwi, Zeno."

"Basi mbona mnanitumia mimi? Niongezeeni posho ya ukalimani."

Tulicheka wote, hata Masanja, akiwa amenipa mgongo. Na mizigo yote nilifungua isipokuwa wa kwake. Humo ndani mna nguo za mwanamume, mna fulana, mna vitu alivyofungashiwa na binti yangu. Nikifika kwake niligusa kamba kwa ncha ya vidole, nikasema "huu uko sawa," nikapita. Mbizi na Lyamba haikuleta madhara. Huku kwetu ukisahau kitu unatetemeka usiku mmoja, kesho unashuka bondeni unatafuta kivuli. Watu walinisifu. Walisema yule mama ni mkali lakini ukwe anaujua.

Kati ya wageni waliorudi rudi kwetu alikuwepo mwanamke mmoja wa makamo, Ingrid, mwembamba, mwenye miguu isiyochoka. Ndiye aliyesema anataka kuvuka Kilimanjaro na wenzake wawili: kupandia magharibi, kupita juu kwenye ukingo penye barafu, kushukia upande wa pili. Viongozi wa kule alikwisha kuwapata, lakini mizigo na jiko alitaka niwe mimi, na wapagazi wawe wale wale anaowajua kwa majina. Vijana walifurahi kama wameitwa jeshini. Mimi nilienda kanisani kwanza.

Kiongozi wa kule aliitwa Elinami, Mchaga, mtu wa maneno machache na yote ya kukuudhi. Tulipanga kwa simu.

"Mama, maharage uache."

"Maharage ndiyo nguvu ya wapagazi."

"Huku juu yatachemka mpaka Krismasi, hayaivi. Maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha."

"Maji gani hayo?"

"Ya Mungu huyo huyo, mama."

Nilikata simu nikasema huyu anataka kuniuzia tambi. Kisha nikaondoa maharage, nikaweka tambi. Na hili lisikieni: katika safari ya barafu chakula kinapangwa mwisho. Sisi Wafipa tunaanza na unga, ndipo tunauliza tunakwenda wapi. Kule unaanza na miguu, halafu moto, halafu pa kulala, na kilichobaki kwenye mizani ndicho chakula.

Viatu tulivitafuta kwenye mitumba Majengo, siku nyingi, mguu mmoja mmoja. Kila mpagazi alipata jozi mbili, ya kutembelea na ya kambini. Ya kambini hailowi. Inakaa ndani ya mfuko wa nailoni mpaka jioni, na ndani yake soksi nene za kulalia. Jozi za kutembelea tulishuka nazo Lyamba na kupanda nazo tena mpaka zikalainika, maana kiatu kigeni kinakula kisigino. Kila mtu mkeka wake wa sponji, begi lake la kulalia, glovu zake. Kamba, sururu ndogo na yale meno ya chuma ya kufunga chini ya kiatu tulikodi kule kule kwa Elinami. Mwendo nao tuliupanga uwe wa kinyonga: mchana unapanda juu zaidi, jioni unashuka kidogo kulala, mwili uzoee. Getini kuna mizani ya serikali, na mzigo wa mpagazi ukizidi haupiti. Kwa hiyo niliacha nafasi kidogo kwenye kila mzigo, kwa sababu hema likilowa huongezeka uzito. Nafasi hiyo ndiyo niliyojivunia kuliko vyote.

Wifi yangu Gaudensia, dada wa marehemu mume wangu, anaishi nami. Moyo wake mkubwa kuliko akili, namwambia usoni. Alfajiri ya kuondoka stendi, mimi nikiwa nasimamia mizigo ikipandishwa juu ya basi, alimvuta Masanja pembeni akampa furushi.

"Huu unga wa ulezi, mama mkwe wako amekuandalia. Mkwe hatoki ukweni mikono mitupu. Usiutupe njiani ukamtia aibu."

Mimi sikuandaa wala sikujua. Unga aliusaga yeye, akaufunga kwenye kanga yangu ya kijani ili ionekane umetoka kwangu. Haya niliyapata baadaye. Wakati ule niliona tu Masanja akisukuma kitu ndani ya mzigo wake, nikageuza uso. Sikutaka kuonekana namchungulia mkwe.

Getini mzigo wake ulizidi. Mimi nilikuwa mbele na Ingrid tukiandikishwa. Zeno ndiye alikuwa naye.

"Toa huo unga," Zeno alimwambia.

"Ni wa mama."

Zeno akanyamaza. Kijana mwenye mdomo kuliko wote, siku hiyo alinyamaza, kwa sababu mambo ya ukweni hayaingiliwi. Masanja akatoa viatu vya kambini pamoja na soksi zake, akatoa na mkeka wa sponji, akaviacha kwa mtu wa stoo. Mzigo ukapita. Nilipogeuka niliuona unaning'inia na mshale umetulia pazuri, nikajisifu moyoni. Mizani ilisema kweli. Mimi ndiye niliyetakiwa kuuliza swali la pili.

Siku za kwanza zilikuwa nzuri. Msitu, halafu vichaka, halafu mawe matupu na baridi ambayo hata sisi wa Sumbawanga, tunaoamka na umande ulioganda kwenye nyasi, tuliacha kuizungumzia kwa ujuzi. Pumzi ilikuwa ya kuomba. Unafunga kamba ya hema unapumzika kama umelima. Kila jioni nilifungua mizigo yote. Nikifika kwa Masanja, ncha ya vidole, "huu uko sawa," napita. Elinami aliniona.

"Mama, na huo?"

"Huo ni wa mkwe wangu."

"Mkwe haliwi na baridi?"

Nilimwona hana adabu.

Siku ya kabla ya kuvuka ilinyesha theluji ya maji, ile inayoshuka ikiwa imechoka. Viatu vililowa vyote. Tulipofika kambi ya chini ya barafu Elinami aliamuru kila mtu avue, ajifute, avae vikavu. Masanja alibaki ameinama anafungua na kufunga kamba moja ile ile. Nikajua anaona haya kwa sababu nimesimama pale, nikatoka hemani kumpa nafasi. Huko nje mgeni mmoja alikuwa anatapika, Elinami akaitwa. Hakuna aliyerudi kutazama.

Wakati wa chakula nilimwona Masanja hapigi miguu chini kama wengine.

"Zeno, mwulize mwenzako kama miguu inamuuma."

Zeno akauliza. Masanja akatikisa kichwa.

"Anasema haiumi, mama."

Na haikuwa inauma kweli. Alilala na soksi zile zile mbichi, bila mkeka, juu ya mawe, kichwa amekilaza kwenye unga. Ninyi kule juu msimwulize mtu kama mguu unauma. Mguu unaoganda unanyamaza. Vueni kiatu mwone kwa macho yenu.

Asubuhi jua lilikuwa limekwisha kugusa juu. Masanja alinyanyua mzigo akatembea kama mtu aliyeazima miguu ya mwingine. Akaanguka. Akainuka, akaanguka tena, akacheka kidogo kwa aibu. Elinami akamkalisha kwenye jiwe, akakata kamba za viatu kwa kisu. Vidole vilikuwa vyeupe kama mshumaa wa altareni.

"Viatu vya kambini viko wapi?" Elinami akauliza. Akaufungua ule mzigo, mkono wa pili, nao ulikuwa wake na si wangu. Akatoa furushi. Kanga yangu ya kijani niliyokuwa nimeitafuta nyumba nzima.

Zeno akasema akitazama chini, "Vilibaki getini, mama. Mizani ilizidi."

Hapo nikasahau mkalimani. "Uliacha viatu ukabeba unga?"

Masanja akaongea na mawe. "Ni unga wako, mama. Ningeuachaje?"

Elinami hakutaka mazungumzo. "Tumbo," alisema. "Hii miguu iingie kwenye tumbo la mtu, ngozi kwa ngozi, sasa hivi." Zeno akainua koti lake. Elinami akamgusa. "Hili ni friji. Toka." Wengine walikuwa wembamba vile vile, wanatetemeka. Akanitazama mimi, na unene wangu ambao vijana walikuwa wanautania njia nzima.

"Mama, wewe ndiye mwenye joto."

"Haiwezekani."

"Mama."

"Chemsheni maji."

"Maji ya moto yatambabua, hasikii. Mama, vidole vinakufa hivi."

"Tafuta mwingine, nimesema!"

Vijana wote waligeuka, kila mtu amepata kitu cha kutazama upande wake. Masanja naye akaanza kusema hapana, hapana, bora vikatwe. Ndipo nikasikia sauti ya zipu. Ingrid, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chai tu, alikuwa amepiga magoti mbele ya mkwe wangu anafungua koti lake. Yeye hana ukwe naye, hana undugu, alimwajiri tu. Na mimi bibi wa watoto wake nimesimama nimekunja mikono nalinda adabu.

Nikamshika mkono. "Funga, mama. Huyu ni wangu."

Nikakaa kwenye mawe. Nikafungua koti, sweta, fulana, nikaichukua ile miguu nikaitia tumboni kwangu. Nisingependa kusema ilivyokuwa baridi. Masanja alivuta kofia ya koti mpaka kidevuni, akabaki amefunikwa kama maiti. Mimi nikageuza shingo upande wa barafu. Nilianza Salamu Maria nikaisahau katikati, nikaianza tena, nikaisahau pale pale. Ile barafu mnayotaka kuivuka niliitazama vizuri kuliko kiongozi yeyote, maana sikuwa na pengine pa kuweka macho. Imesimama kama ukuta wa kanisa, chini ina rangi ya buluu kama chupa ya zamani, na jua likiifikia inaanza kudondosha maji tone moja moja. Ni nzuri. Sikuivuka na sitaivuka.

Damu iliporudi maumivu yalirudi nayo. Mwanaume yule, bega kama mlango, alilia ndani ya kofia yake. Aliita "mayu," wanavyomwita mama Wasukuma. Sijui alikuwa anamwita mama yupi. Nikaikumbatia zaidi.

Mguu ulioyeyuka haukanyagi tena chini, Elinami alisema, ukiganda mara ya pili umekwisha. Basi walimbeba mgongoni kwa zamu kushuka, na mizigo ikagawanywa. Ingrid alitazama juu mara moja tu, akasema, "Turudi." Meno ya chuma tuliyarudisha yaking'aa, hayajagusa hata kipande cha barafu. Safari niliyoipanga kwa miezi ilishindwa kwa furushi la unga. Na unga wenyewe tuliupikia uji njiani tukinywa kimya, mtamu kabisa.

Getini mtu wa stoo alituletea viatu. Vikavu, vimepakwa mafuta, na ndani soksi za Skola zimekunjwa vizuri kama za mtoto wa komunyo. Nilivibeba mapajani kwenye basi mpaka Sumbawanga. Hospitali walimkata vidole viwili vya mguu wa kulia.

Habari ilitutangulia. Zeno alikuwa amekwisha kupata mdomo wake. Nilipita sokoni, mwanamke mmoja muuza dagaa akapaza sauti: "Jamani mpisheni mzazi! Tunasikia amejifungua mkwe, na wa kiume!" Wakaangua kicheko. Mwingine akauliza kama ni kweli mtoto alitanguliza miguu. Nikanunua dagaa nikaondoka. Nyumbani Gaudensia alilia akasema alitaka kuniheshimisha. Nilimwambia amefaulu.

Aibu hiyo ya sokoni ilipungua, watu wana mengi ya kucheka. Iliyobaki ni nyingine na haina wa kunicheka, ndiyo maana haipungui. Maisha yangu yote ya kazi nilifungua mizigo ya watoto wa wenzangu, nikawatoa redio na jogoo, wakarudi kwa mama zao na vidole vyote. Wa nyumbani kwangu ndio niliouruka, na watu wakaniita mwenye heshima, nami nikapenda kuitwa hivyo. Wakati mwingine usingizini bado namwona yule mgeni akifungua zipu.

Nilifanya kazi misimu michache baada ya hapo, ya Mbizi na Lyamba tu, mpaka magoti yakasema yao. Mizani nikawapa ninyi. Masanja alirudi shambani. Lakini kuja kwangu aliacha. Nikienda Mollo kuwaona wajukuu alitokea mlango wa nyuma, nasikia anachechemea kwenye majani makavu. Skola alisema, "Mama, hawezi kukutazama. Anasema umemwona." Nikamwambia na mimi pia siwezi. Tukaachia hapo, tukaiita heshima tena.

Mwezi huu, baridi ya Juni ikiwa imekaza, alikuja. Hakuwa na namna: Skola amejifungua, wa kike, na kwa desturi lazima baba alete habari mwenyewe ukweni. Aliamkia mlangoni, "Shikamoo, mama," akitazama kizingiti. Gaudensia akamkaribisha sebuleni kama inavyotakiwa, kwenye kochi lenye kitambaa, akafunga mlango wa jikoni. Sebule yangu mnaijua, sakafu ya saruji, upepo unapita chini ya mlango kama una shughuli. Sisi wote tulikuwa jikoni tumezunguka moto, mimi, Gaudensia na wajukuu wakubwa, kwa sababu mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe.

Kupitia ufa wa mlango nilimwona. Alidhani yuko peke yake. Aliinama akaushika mguu wa kulia kwa mikono miwili juu ya kiatu, akawa anausugua, anaupuliza, anausugua. Walishaniambia kwamba vidole vilivyokatwa vinaendelea kusikia baridi. Nilikuwa sijaamini.

Nikasimama.

"Wifi, unakwenda wapi?" Gaudensia akasema. "Mwache mkwe wa watu na heshima yake."

Nikaufungua mlango wa jikoni mpaka mwisho, nikawaambia wote wa nyumba yangu, na yeye akisikia, bila mkalimani:

"Kiti changu kiwekwe karibu na moto. Mkwe wangu aje jikoni, akikalie, avue viatu, avue na soksi, na kila akija iwe hivyo. Asiyeweza kutazama akachote maji."